Koti la Supachaja

Tuseme umesimama katika gereji moja ya Al Quoz, Dubai, mchana wa Julai, kivulini nyuzi 45. Mbele yako yapo magari mawili ya aina moja, boneti zote juu, yametoka kukimbizwa barabara ileile kwa mwendo uleule. La kwanza supachaja yake iko kama ilivyotoka kiwandani, alumini tupu inayong'aa. La pili supachaja yake imepigwa rangi ya unga, ile ambayo mafundi huiita powda koti, nyeusi tititi, inavutia macho. Fundi anachukua kipimajoto chenye umbo la bastola, ndugu wa kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso milangoni mwa maduka mwaka 2020. Anakielekeza kwenye alumini tupu: 58. Anakigeuzia kwenye ile nyeusi: 108. Kisha anakutazama kama hakimu aliyekwisha kufunga faili. "Umejionea mwenyewe, bosi. Rangi imelifungia joto ndani."

Hukumu hiyo si ya kijinga. Rangi ya unga ni plastiki, na plastiki haipitishi joto vizuri. Ndiyo maana mpini wa kikaango mara nyingi huwa wa plastiki. Tena mtu anayevaa koti Dubai mwezi wa Julai ana lake jambo. Lakini shahidi pekee aliyesikilizwa katika kesi hii ni ile bastola, nayo ina tabia ambayo watumiaji wake wengi hawaijui. Tutamrudia shahidi huyo mwishoni. Kwanza tuulize joto lenyewe linatoka wapi.

Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, usukume mara kumi kwa haraka. Pampu itapata moto upande wa chini, kule hewa inakobanwa. Msuguano una mchango wake, ila jambo kubwa ni hewa yenyewe. Nguvu uliyoitoa mkononi haikupotea: imeingia katika molekuli za hewa, nazo sasa zinakwenda mbio kuliko mwanzo, na mbio hizo ndizo kipimajoto huzihesabu kwa nyuzi. Hewa ikibanwa hupata moto hata kama pampu ingekuwa laini kama hariri.

Supachaja ni pampu hiyohiyo, ila badala ya mkono wako kuna mkanda unaotoka kwenye injini. Hapo ndipo inapotofautiana na turbo, ambayo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Aina iliyozoeleka zaidi huwa na mihimili miwili yenye mabawa yanayozunguka yakipishana bila kugusana, na bado inaitwa Roots, jina la ndugu wawili wa Connersville, Indiana, Philander na Francis Roots, waliopata hataza ya mashine ya kupuliza hewa mwaka 1860. Hiyo ni robo karne kabla ya Karl Benz kusajili gari lake mwaka 1886. Kwa hiyo kifaa hiki ni mzee kuliko gari linalokibeba.

Sasa tupige hesabu kwa hewa ya Dubai. Mwanasayansi hahesabu joto kuanzia pale maji yanapoganda, bali kuanzia pale ambapo hakuna joto tena la kupungua, nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa kipimo hicho hewa ya nyuzi 45 ni kelvini 318. Supachaja ikiipandisha mgandamizo mara 1.6, kanuni za fizikia zinasema hewa hiyo, hata kwa mashine kamilifu, itapanda kama nyuzi 46. Mashine kamilifu haipo. Kwa mashine ya kawaida, inayotumia vizuri sehemu kama 65 tu katika kila 100 za kazi inayopewa, ongezeko linakuwa nyuzi 70 hivi. Hewa imeingia na 45, inatoka na 115. Ingeweza kuchemsha maji ya chai.

Joto hilo ni hasara kwa dereva. Hewa moto ni hewa nyepesi, na supachaja imewekwa pale ili ijaze hewa nzito ndani ya silinda. Ikiingia na nyuzi 115, kila pistoni inapata hewa mara 1.3 ya ile ambayo ingeipata bila supachaja. Ikipozwa kwanza hadi 65, inapata mara 1.5. Mgandamizo ni uleule, puli ya mkanda ni ileile, tofauti ni joto tu. Zaidi ya hayo, hewa moto huifanya petroli iwake kabla ya zamu yake, injini ikaanza kugonga, na injini ikigonga sana pistoni hutoboka. Kwa hiyo mwenye gari anapouliza kama rangi itazuia joto kutoka, anauliza swali la haki.

Joto linalotoka kwenye hewa iliyobanwa hadi nje ya supachaja husafiri kwa hatua. Linaingia kwenye ukuta wa alumini, linavuka unene wake, linavuka rangi kama ipo, halafu linakabidhiwa kwa hewa ya chini ya boneti. Safari ya namna hii naifananisha na ile ya kuvuka mkono wa bahari wa Khor Dubai kwa mashua ya abra, ukitoka Deira kwenda Bur Dubai. Barabara ya kufika gatini ni pana. Gatini kuna abra yenyewe, inayobeba watu wapatao 20 kwa safari. Nauli ya abra ya kawaida kwa miaka mingi imekuwa dirhamu 1. Sasa tuseme pale gatini anawekwa mtu mmoja wa kupokea hiyo dirhamu kabla hujapanda. Je, foleni ya kwenda Bur Dubai itarefuka?

Jibu linategemea mtu huyo ana mikono myepesi kiasi gani, na abra inabeba watu kiasi gani. Bila namba mbili hizo, kila mtu atabishana kwa sauti.

Haya, namba. Alumini ya kusubu, ile inayomiminwa kwenye kalibu, hupitisha joto kama mara 600 kuliko rangi ya unga. Koti la kawaida lina unene wa mikroni 80 hivi, karibu unene wa unywele. Ukizidisha, unapata kwamba unywele huo wa plastiki unazuia joto sawasawa na bamba la alumini lenye unene wa sentimita 5. Hapa fundi wetu anaweza kuruka kwa furaha: sentimita 5! Lakini asubiri abra. Tuchukue eneo la mita moja ya mraba, na tofauti ya nyuzi moja kati ya upande na upande. Koti la mikroni 80 lingeruhusu kupita wati 3,000 na ushee. Hewa iliyotulia, ikigusa eneo hilohilo kwa tofauti hiyohiyo, inaweza kubeba wati 10 hivi. Feni ikipuliza kwa nguvu, labda 50.

Yaani mpokea nauli wetu anaweza kupitisha wati 3,000, abra inabeba wati 50. Foleni haimjui mpokea nauli. Inaijua abra.

Kwa hesabu kamili, koti hilo linaongeza kizuizi cha safari nzima kwa sehemu 3 katika 1,000 pale hewa inapotulia, na chini ya sehemu 2 katika 100 pale feni inapopuliza. Ukitaka rangi ya unga iwe kizuizi cha kweli, itabidi uipake nene kama chapati, au uondoe hewa uweke maji. Kwenye uso unaopozwa kwa maji hadithi hubadilika, kwa sababu maji hubeba joto kwa mamia na maelfu ya wati pale ambapo hewa inabeba makumi. Hapo mpokea nauli anaanza kuonekana. Ndiyo maana hakuna fundi mwenye akili anayepaka rangi ndani ya njia za maji.

Hadi hapa nimezungumzia njia mbili tu kati ya zile tatu za joto ambazo kila mtoto wa shule hukaririshwa: mpitisho ndani ya alumini na ndani ya rangi, na msafara wa hewa nje. Imebaki mnururisho, na hapa ndipo koti linapofanya jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Jaribu nyumbani. Tafuta sufuria mbili za alumini zinazolingana. Moja iwe ya kuni, yenye masizi nje hadi imekuwa nyeusi kama chungu. Ya pili isuguliwe kwa majivu na mchanga hadi ujione ndani yake. Tia maji yanayochemka kwa kiasi kimoja, funika, weka mahali pasipo upepo, urudi baada ya nusu saa. Ukiwauliza watu kabla, wengi watasema ile nyeusi itabaki moto zaidi, kwa kuwa "nyeusi inashika joto". Itakuwa kinyume. Ile ya masizi itakuwa imepoa zaidi.

Mskoti John Leslie alichapisha majaribio ya aina hii mwaka 1804. Alikuwa na chombo cha pande sawa kama dadu, akikijaza maji ya moto. Upande mmoja ulikuwa wa metali iliyong'arishwa, mwingine wa masizi, mwingine umefunikwa karatasi. Maji ni yaleyale, joto ni lilelile, lakini upande wa masizi ulitoa mnururisho mwingi mara kadhaa kuliko ule unaong'aa. Na karatasi nyeupe? Nayo ilitoa karibu sawa na masizi.

Hiyo karatasi nyeupe imewashinda wengi. Weupe na weusi ni habari za macho, na macho huona mwanga wa urefu fulani tu wa mawimbi. Kitu chenye nyuzi 110 hakitoi mwanga huo. Kinatoa mwanga wa infraredi, mawimbi marefu zaidi ya mara kumi kuliko ya mwanga mwekundu, na katika mwanga huo karibu kila plastiki, kila rangi, kila karatasi, ni "nyeusi". Ngozi ya binadamu nayo ni vivyo hivyo, iwe ya Mmakonde au ya Mswidi, na ndiyo sababu kile kipimajoto cha mlangoni hakikuwa na haja ya kujua unatoka wapi. Kwa hiyo supachaja ya rangi ya unga nyeupe, nyekundu au ya bluu hupoa kwa mnururisho sawa na ile nyeusi. Kila moja hutoa kama sehemu 90 katika 100 za kile ambacho kitu cheusi kabisa kingetoa. Zinazopungua kidogo ni zile rangi za kifedha zenye chembe za metali ndani. Alumini tupu hutoa sehemu 10 au 15 tu, na iliyong'arishwa vizuri hata 5. Mng'ao wake ndio unaolifungia joto ndani.

Tuweke namba tena. Supachaja yenye uso wa nyuzi 110, ikizungukwa na vitu vya nyuzi 80 chini ya boneti, eneo lake la nje tulikadirie mita za mraba 0.15. Hewa inayozunguka polepole itachukua kama wati 90. Alumini tupu itaongeza wati 5 hivi kwa mnururisho. Iliyopakwa rangi itaongeza wati 46. Koti limetuzuilia chembe, limetuongezea wati 41. Kwa jumla supachaja iliyovaa koti inatoa joto zaidi ya ile iliyo uchi, kwa zaidi ya theluthi moja, ingawa nusu haifiki. Tuseme sehemu 40 katika 100.

Sasa mwenye supachaja nyeusi ameanza kutabasamu, naye pia nitamkatiza. Mwaka 1859 Mjerumani Gustav Kirchhoff alionyesha kwamba uso ulio hodari wa kutoa mnururisho ni hodari vilevile wa kuupokea. Mlango uliofunguliwa ili wa ndani watoke, wa nje nao wataingilia humohumo. Vitu vya chini ya boneti havilingani joto. Manifodi ya ekzosi injini ikikazwa hupita nyuzi 500, na mnururisho hukua haraka mno joto linapopanda: ukizidisha kelvini mara mbili, mnururisho unakuwa mara kumi na sita. Supachaja nyeusi inayotazamana na ekzosi bila kinga itakula joto badala ya kulitapika. Ndiyo sababu ngao za joto huachwa ziking'aa. Ningekuwa mimi, upande wa ekzosi ningeuacha uwe alumini, au ningeweka bamba linalong'aa katikati, kisha sehemu nyingine zipakwe rangi ya moyo wa mwenye gari.

Bado hatujauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema zaidi: wati 41 ni kitu gani mbele ya joto lote? Injini kubwa ya gari la jangwani ikikazwa inavuta kama kilo 0.2 za hewa kila sekunde. Kila kilo ya hewa inahitaji jouli 1,000 hivi kupanda nyuzi moja. Tumeipandisha nyuzi 70. Zidisha: wati 14,000. Karibu joto lote la supachaja limo ndani ya hewa inayopita, linakimbilia kwenye silinda, halina hata nafasi ya kugusa ukuta sawasawa. Wati 41 zikiondolewa kwenye mkondo huo, hewa inapoa kwa nyuzi 0.2. Dereva hatalihisi hilo akipanda tuta la mchanga la Big Red pale njia ya Hatta, wala injini haitalihisi.

Kazi ya kuondoa wati elfu kumi na nne ni ya intakula, ile rejeta ndogo ya hewa inayowekwa baada ya supachaja. Nyingi za siku hizi hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu ya umeme hadi kwenye rejeta nyingine mbele ya gari. Huko ndiko fedha za mteja zinakopaswa kwenda akilalamikia joto: pampu inasukuma kweli? Maji yana hewa ndani? Rejeta ya mbele imejaa mchanga na wadudu? Nimeona watu wakibishana juu ya rangi kwa saa nzima huku pampu ya intakula imekufa zamani, waya umekatika, na hakuna aliyeinama kuitazama.

Kuna wakati mmoja tu ambapo wati hizo chache zina uzito kidogo. Ni pale gari limesimama kwenye foleni ya Sheikh Zayed Road, jioni, injini inanguruma taratibu. Hewa inayopita ni kidogo, haibanwi, kwa hiyo supachaja haizalishi joto lake. Inapashwa na injini iliyo chini yake, yenye nyuzi 90 na zaidi. Alumini inajaa moto kama jiko la mkate, na foleni ikifunguka hewa ya kwanza inayovutwa inapita ndani ya jiko hilo. Uso wenye koti unatoa mzigo huo haraka kidogo. Kidogo. Kipande cha kizuia joto kati ya supachaja na injini, au feni inayoendelea kuzunguka, kitafanya zaidi.

Kama rangi haiui supachaja kwa joto, yapo mengine yanayoweza kuiua, na haya mteja huyasikia mara chache. Kabla ya kupaka, alumini hupigwa mchanga au chembe ngumu kwa upepo ili rangi ishike. Chembe moja ikibaki ndani, itakwenda kusaga mabawa yaliyotengenezwa yapishane kwa nafasi ndogo kuliko unene wa kadi ya simu. Kisha unga hurushwa ukiwa na chaji ya umeme, unajibandika wenyewe kwenye metali iliyounganishwa ardhini, na kitu kizima huingizwa tanuri la nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika kama 10 au 20 hadi unga uyeyuke na kukamatana. Oili sili hazitaki nyuzi hizo, na grisi ya beringi itayeyuka iishe. Kwa hiyo supachaja lazima ifunguliwe yote, beringi na sili zitolewe, na nyuso zinazokutana na gasketi pamoja na matundu ya beringi vizibwe, kwani mikroni 80 zilizokuwa si kitu kwa joto ni mlima kwa beringi inayotakiwa kukaa kwa kubana. Alumini ya kusubu nayo ina vinyweleo vinavyonywa oili kwa miaka. Isipopashwa mapema ili oili itoke, itachemkia tanurini chini ya rangi na kuacha malengelenge.

Dubai haina uhaba wa watu wanaoijua kazi hii ya unga. Mji umejengwa kwa fremu za madirisha za alumini zilizopakwa rangi hiyohiyo, na alumini yenyewe imekuwa ikiyeyushwa Jebel Ali tangu 1979. Ila anayepaka fremu elfu za madirisha hajawahi kuulizwa habari za beringi. Muulize kabla hujamwachia kazi.

Tumrudie shahidi. Ile bastola haipimi joto. Inapima mnururisho unaoifikia, halafu inakisia joto kwa kudhani kwamba uso ulio mbele yake hutoa sehemu 95 katika 100. Kwa ngozi ya binadamu dhana hiyo ni sawa, kwa rangi ya unga ni karibu sawa. Kwa alumini tupu inayotoa sehemu 15, bastola inaona kioo: kidogo kinatoka kwenye alumini, kingi ni mwakisiko wa kuta na dari la gereji lenye nyuzi 45. Ukipiga hesabu ya uso wenye nyuzi 110 za kweli katika gereji hiyo, bastola itasoma karibu 58.

Mwombe fundi kipande cha ile tepu ya karatasi wanayozibia wapaka rangi. Kibandike kwenye alumini tupu, injini ikiwa bado ya moto, ungoje dakika moja kipate joto la alumini. Elekeza bastola juu ya tepu: 110. Isogeze upana wa vidole viwili, kwenye alumini ileile: 58.